Pikipiki niliyonunua mkononi inazima njiani nikijaza mafuta, fundi anataka kushusha injini

Mwalimu wa Chanika:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu, hasa mafundi na madereva wa siku nyingi.

Mimi ni mwalimu, naishi Chanika na nafundisha Gongo la Mboto. Miaka minne nimekuwa mtu wa daladala ya alfajiri, jioni narudi nimesimama njia nzima na madaftari ya kusahihisha mkononi. Zamu yangu ya kikoba ilipofika nikasema basi. Nikajifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira jirani na nyumbani, nikachukua leseni, nikanunua pikipiki mkononi kwa kijana wa bodaboda wa Mbagala kwa shilingi 1,350,000. Ni ya Kihindi, cc 125, ya kabureta, gia nne. Mita inasoma kilomita 21,460 na haisogei, kwa sababu waya wake umekatika.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa nafika nyumbani jua bado lipo. Sikumbuki mara ya mwisho nilimkuta mwanangu hajaoga jioni. Kisha yakaanza.

Inazima. Siyo ghafla kama umezima swichi. Inapungua nguvu, inakohoa mara mbili tatu kama mtu aliyepaliwa, halafu kimya. Nikipiga kiki haiwaki. Nikikaa pembeni dakika kumi inawaka kama hakuna kilichotokea. Na jambo ambalo sielewi kabisa ni hili: tangi likiwa nusu naweza kutoka nyumbani nikakaribia Pugu Kajiungeni ndipo izime, lakini nikijaza pomoni Gongo la Mboto, kilomita nne sifikishi. Jumatatu ilinizimia katikati ya njia, nyuma yangu lori la mchanga. Niliisukuma hadi pembeni miguu inatetemeka.

Halafu nikipanda kilima kwa gia ya nne, nikiongeza mafuta injini inalia sana lakini mwendo hauongezeki. Kwenye cheni kuna mlio wa krak, krak nikiwa mwendo mdogo. Na asubuhi nikiwasha kwa mara ya kwanza inatoa moshi wa rangi ya bluu, baada ya muda unaisha.

Fundi wa hapa jirani alisikiliza injini dakika moja, hajashika hata spana, akasema injini imekufa: ishushwe, bloku ikachongwe, pistoni na ringi mpya, jumla 320,000. Mimi sina hiyo hela mwezi huu, na hata ningekuwa nayo nataka kwanza kuelewa. Haya yote ni ugonjwa mmoja? Na kuhusu oili, aliyeniuzia alisema ya gari na ya pikipiki ni moja, nami nikaweka ya gari. Nilikosea?

Natanguliza shukrani.

Fundi wa Tandika:

Mwalimu, pole, na hongera kwa kuanza. Hiyo laki tatu usimpe mtu bado.

Umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi, na jibu la tatizo la kwanza umeliandika mwenyewe bila kujua. Umesema ukijaza tangi ndiyo inazima mapema. Injini iliyokufa haijui tangi lina lita ngapi. Anayejua ni mfuniko.

Kwenye mfuniko wa tangi kuna kijitundu kidogo cha kupitisha hewa. Petroli ikishuka kwenda kwenye kabureta, hewa inaingia juu kuchukua nafasi yake. Kijitundu kikiziba kwa vumbi na matope, petroli inatoka lakini hewa haiingii, na ndani ya tangi panaanza kuvuta. Panavuta mpaka petroli inakataa kushuka. Kabureta inamaliza kile kidogo ilichobaki nacho, ndiyo huko kukohoa, kisha inazima. Ukingoja dakika kumi hewa inapenya polepole kwenye ukingo wa mfuniko na safari inaanza upya. Tangi likiwa nusu, juu kuna hewa nyingi, kwa hiyo inachukua muda kufika hali hiyo. Likiwa limejaa, hewa ni kidogo sana, na kilomita chache tu zinatosha.

Kupima ni bure. Siku ikizima, shuka, sogea pembeni, weka sikio karibu na tangi na ufungue mfuniko taratibu. Ukisikia fyuuu, hewa inakimbilia ndani, umempata. Rudisha mfuniko, ngoja kidogo kabureta ijae, piga kiki. Itawaka hapo hapo bila kungoja dakika kumi.

Usiposikia chochote, fungua plagi ile ile saa hiyo, kwa kitambaa maana itakuwa ya moto. Plagi kavu ina maana petroli haifiki. Plagi iliyolowa petroli ina maana mafuta yanafika ila moto hakuna, na hapo tutaanza kuzungumza habari za koili na CDI, vile vifaa vya umeme vinavyoipa plagi moto, ambazo zikipata joto huwa zinagoma na zikipoa zinarudi. Na rangi ya plagi iangalie. Ya kahawia kama biskuti ni nzuri. Nyeusi kavu ya masizi inakunywa petroli kupita kiasi. Nyeusi yenye unyevu wa oili, hapo ndipo maneno ya ringi yana msingi.

Ikiwa ni mfuniko, usikubali mtu akutoboe tundu jipya kwa msumari. Nimewaona vijana wakifanya hivyo, masika ikifika wanarudi kwangu na maji ndani ya kabureta. Kizibue kile cha asili. Fungua mfuniko, oshea kwa petroli kidogo, pitisha unyuzi mmoja wa waya wa shaba, kisha pulizia kwa pampu ya baiskeli hadi hewa ipite.

Kuhusu moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Wa asubuhi tu na unaisha, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka: usiku oili inachuruzika kidogo hadi ndani, ukiwasha inaungua na kwisha. Kazi hiyo ni ya kufungua kichwa cha injini, haihitaji kushusha injini yote, na inaweza kusubiri ukiwa unaangalia kiasi cha oili. Moshi wa ringi hauishi asubuhi. Unakufuata barabarani kila unapoongeza mafuta, na watu nyuma yako wanaziba pua. Je, wa kwako ni upi? Mwambie mtu aendeshe nyuma yako aangalie.

Dereva, kijiwe cha Ukonga:

Dada mwalimu, hiyo ya kulia bila kwenda ni klachi inateleza, na hapo oili yako inaweza kuwa inahusika.

Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Ya gari nyingi iko nje, kavu. Baadhi ya oili za gari zimewekwa dawa ya kulainisha ili injini ile mafuta kidogo, na ulaini huo pleti za klachi haziutaki, zinateleza. Nunua ya pikipiki, 20W-50, na kwenye kopo tafuta maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya kuogelea. Mwaga ya zamani injini ikiwa ya moto, ishuke na uchafu wake. Kiasi ni kama lita moja, soma kilichoandikwa karibu na kifuniko.

Lakini kabla ya kumwaga, shika mkono wa klachi. Lazima uwe na uhuru kidogo mwanzoni, milimita 2 au 3, ndipo uanze kuvuta. Ya kwangu niliipokea kwa bosi waya umekazwa hadi mwisho. Klachi ilikuwa imevutwa nusu muda wote, nami natembea nayo hivyo hivyo miezi miwili hadi pleti zikaungua. Legeza ile nati ya mkononi kidogo uone.

Mimi natumia barabara hiyo kila siku. Ikizima tena, usiisukume ukiwa umeipa mgongo njia ya magari. Weka gia huru, washa indiketa, iteremshe pembeni kwanza. Malori ya mchanga hayasimami haraka.

Mdau wa Kigamboni:

Nje ya ufundi kidogo, naomba mnisamehe. Mwalimu, kadi unayo? Kadi halisi, siyo kopi?

Pikipiki nyingi za bodaboda ziko kwenye mkataba, dereva analipa kidogo kidogo na kadi inakaa kwa mwenye mali mpaka deni liishe. Ukinunua kwa dereva kabla hajamaliza, umenunua kitu kisicho chake. Ndugu yangu alipoteza ya kwake hivyo, ilichukuliwa mbele ya nyumba asubuhi, na aliyemuuzia hakupatikana tena. Soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, futa matope kabisa, linganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu. Ya injini vilevile. Kisha muende wote wawili TRA mkahamishe umiliki mkiwa na mkataba wa mauziano, na kila mtu na TIN yake. Usiahirishe kwa sababu ya ugonjwa wa injini.

Mwalimu wa Chanika:

Shikamoo fundi. Ahsanteni sana wote.

Jana nilijaza tangi makusudi. Ilizima kabla sijafika Pugu. Nikaisogeza pembeni kama alivyosema kaka wa Ukonga, nikainamisha sikio, nikafungua mfuniko. Fundi, nilisikia! Siyo fyuuu ndogo, ilivuta kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama majini. Nikafunga, nikahesabu hadi thelathini, kiki ya pili ikawaka. Nilikaa pale pembeni nimeshika mfuniko nauangalia, nikafikiria ile 320,000 ambayo ilibaki kidogo nikaikope.

Nyumbani niliufungua vizuri chini ya taa. Kile kijitundu kimejaa udongo mwekundu umekauka kama saruji. Unyuzi wa kwanza wa shaba ulikunjika. Nikaulowesha mfuniko kwa petroli usiku kucha, asubuhi unyuzi ukapita.

Mdau wa Kigamboni, kadi ninayo, ni halisi na namba zote zinalingana, ila jina bado la muuzaji. Nimempigia, tumekubaliana Ijumaa twende wote.

Mkono wa klachi hauna uhuru hata kidogo. Nimelegeza. Bado inateleza kwenye kilima, ingawa siyo kama mwanzo. Oili nitamwaga Jumamosi. Cheni je? Mlio uko pale pale.

Fundi wa Tandika:

Marahaba mwalimu. Nimefurahi sana.

Cheni. Weka dabo stendi, zungusha tairi la nyuma kwa mkono huku unabonyeza cheni katikati, upande wa chini. Inatakiwa icheze kama milimita 20 hadi 30. Zungusha taratibu, maana iliyochoka huwa inalegea sehemu moja na kukaza sehemu nyingine, na hiyo huwezi kuikaza ikakaa sawa. Kisha shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, lile gurudumu la meno la tairi la nyuma, ivute kuelekea kwako. Ikiinuka ukaona nusu ya jino, imevutika, imekwisha. Fungua na kava ya sproketi ndogo ya mbele. Meno yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja kama ya papa, badilisha vyote vitatu pamoja, cheni na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno ya zamani italiwa ndani ya muda mfupi.

Mita yako usiiamini. Waya ukikatika, kilomita zinaendelea barabarani na mita imelala. Angalia mpira wa kukanyagia miguu na kipedali cha breki vimelika kiasi gani. Na tairi zina tarakimu nne ndani ya umbo kama yai: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama ni za zamani hivyo, mpira umekuwa mgumu hata kama kashata, ile michongo ya tairi, bado zinaonekana, na barabara yenye maji utaisikia inakimbia chini yako.

Oili ikibadilishwa na klachi bado inateleza, pleti zimekwisha. Kazi ya saa mbili, inafunguliwa pembeni tu, injini haishuki. Simama hapo hapo uone kila kinachotoka, na cha zamani uondoke nacho.

Mwalimu wa Chanika:

Narudi kama nilivyoahidi, wiki tatu sasa.

Haijazima hata mara moja. Tangi limejaa, nusu, robo, inaenda tu. Umiliki umehama.

Oili ya pikipiki ilipunguza kuteleza lakini haikumaliza, kwa hiyo nilikwenda Kariakoo nikanunua pleti, cheni na sproketi zote mbili. Nilisimama pale fundi anafungua. Pleti za zamani zilikuwa nyeusi, nyembamba, na harufu yake ni ya kitu kilichoungua jikoni na kukaa siku nyingi. Niliweka moja ya zamani juu ya mpya, nikapitisha kidole kwenye ukingo: ya zamani imelika hadi kukaribia chuma. Ile sproketi ya mbele ilikuwa ya papa kweli. Nimeiweka mezani kwangu ofisini, kidato cha pili nimewaonyesha kwenye somo la msuguano, na mvulana mmoja ambaye haongei darasani akauliza maswali matano mfululizo.

Kilima cha Pugu sasa napanda kwa gia ya tatu, mwendo unafuata mlio.

Moshi wa asubuhi bado upo. Mwenzangu wa kazini aliendesha nyuma yangu hadi Ukonga, anasema njiani hauoni kabisa. Nimeanza kupima oili kila Jumapili, pikipiki ikiwa dabo stendi kwenye sakafu ya saruji, na naandika kwenye daftari. Wiki ya kwanza kijiti kilibaki palepale. Ya pili kimeshuka upana wa kucha. Fundi, hiyo ni kawaida, au nianze kuweka hela ya sili?

Fundi wa Tandika:

Kawaida kwa umri wake. Ongeza kidogo irudi kwenye alama, endelea kuandika. Ikianza kushuka kutoka alama ya juu hadi ya chini kabla ya kilomita 1,000, njoo nayo Tandika tufungue kichwa. Na ule waya wa mita ubadilishe, maana bila huo kilomita 1,000 utazijuaje?