Fukuto la usiku silali kabisa, ninunue feni ya maji?

Mgeni_wa_Joto
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kwakweli nimechoka. Nimehamishwa kikazi nchi ya joto la kitropiki, mimi natokea kwenye baridi miaka yote, leo ni siku ya sita. Mchana afadhali ofisini kuna kiyoyozi, kasheshe ni usiku. Chumba changu kiko juu kabisa halafu juu yake ni bati tupu, dirisha moja, saa tatu usiku naweka kiganja ukutani bado kuna moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa sasa hivi. Nikipata usingizi basi ni kwenye saa nane, nikiamka shuka imelowa chapachapa na mgongoni nimeshaanza kutoka vipele. Nimejaribu kuoga maji ya friji, wapi, nikalowesha shuka nikajifunika nayo ndo ikawa mbaya kabisa, nilijiona kama nimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Sasa kuna mtu ananiambia ninunue ile feni ya maji, unajaza maji na barafu inapuliza ubaridi. Kabla sijatoa hela, inasaidia kweli?

Fundi_Viyoyozi
Pole sana mkuu. Usinunue. Shuka imeshakupa jibu tayari ila hujaliona.

Jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza kwa kukauka, yaani likikauka ndo linaondoka na joto la ngozi. Sasa hewa ikiwa imeshiba unyevu jasho halina pa kwenda, linatiririka tu unapoteza maji na joto linabaki palepale. Feni ya maji nayo inategemea maji kukauka, ndo maana kwenye nchi kavu za jangwa inafanya kazi vizuri sana, ila kwenye fukuto unakuwa unaongeza unyevu chumbani kwako mwenyewe. Shuka yako ilikuwa ndo hivyohivyo, na ilizuia hata kale ka upepo kadogo.

Chukua feni ya kawaida. Na uelewe kitu kimoja, feni haipozi chumba inampoza mtu, kwahiyo ielekee mwilini na ukitoka izime. Jua likishazama nje kukapoa kuliko ndani, igeuze iangalie nje dirishani na mlango uache wazi, isukume lile joto litoke kama nusu saa, ndo uirudishe kitandani. Mchana kama nje kuna joto kuliko ndani funga dirisha, na kivuli kiwe upande wa nje kama unaweza, maana jua likishapita kioo hata pazia liwe zito vipi joto limeshaingia. Angalizo tu, Shirika la Afya Duniani linasema feni itumike hewa ikiwa chini ya nyuzi 40, juu ya hapo inakupulizia joto.

Maji ya friji achana nayo, ngozi ikishtuka mishipa inajibana joto la ndani linachelewa kutoka. Oga maji ya kawaida, usijifute, simama mbele ya feni hivyohivyo umelowa mpaka ukauke. Fanya leo usiku uniambie.

Nesi_Mstaafu
Mwanangu hivyo vipele ni harara, jasho limeziba kwenye vitundu vyake. Usipake mafuta mazito, vaa nguo pana za pamba au kitani na ngozi ipate hewa.

Halafu siku sita bado mapema, mwili unahitaji wiki 1 hadi 2 kuzoea joto, ukishazoea unatoa jasho mapema na chumvi inayopotea inapungua. Ila ukishinda kwenye kiyoyozi kutwa nzima unachelewa kuzoea, tembea nje kidogo asubuhi, na kuanzia saa nne mpaka saa kumi kwepa jua. Maji kunywa kabla ya kiu, angalia mkojo, ukiwa rangi ya chai umechelewa. Siku uliyotoka jasho jingi sana maji matupu hayatoshi, lita 1 ya maji safi weka vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, viwe vya kusawazisha sio vya mlima.

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, hapo acha unachofanya kaa kivulini upoze mwili. Ila mtu akianza kuchanganyikiwa hiyo ni dharura. Nilisafiri na mdogo wangu kwenye joto kali, akaniuliza swali lilelile mara tatu, nikadhani uchovu, kuja kumwangalia anahangaika kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Niliogopa sana. Joto la mwili likipita nyuzi 40 ubongo unaweza kuumia, mwitie msaada wa hospitali, huku mmwagie maji mpepee, barafu kwapani na kwenye kinena, wala usimnyweshe kitu kama hajitambui. Mdogo wangu alipona kwasababu tulimwahi, na mpaka leo najilaumu kwa lile swali la pili.

Kaka_Bati
Kuongezea tu, tatizo la huyu ni bati. Mwombe mwenye nyumba aweke dari au apake bati rangi nyeupe, nyeupe inarudisha jua. Kwa sasa sogeza kitanda mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, au shusha godoro sakafuni, joto linapanda juu. Na kama unalalia chandarua isogeze feni karibu kabisa, neti inakula upepo mwingi sana. Usiivue lakini, malaria haina huruma.

Mgeni_wa_Joto
Wakuu asanteni mno, nimerudi baada ya siku nne. Feni ya kawaida nimenunua, godoro liko chini, naoga sijifuti. Jana nimelala saa tano nimekuja kushtuka saa kumi na moja alfajiri na shuka kavu, nikakaa kitandani naishikashika tu siamini. Nesi, mkojo ulikuwa kama ulivyosema, rangi ya chai kabisa, sasa chupa ya maji naenda nayo kila mahali. Mwenye nyumba rangi kakubali ila kasema nipande mwenyewe nikapake, nitapanda alfajiri bati likiwa bado la baridi.