Kutoa rejeta (paneli ya chuma ya kupasha joto chumba kwa maji moto) ukutani ili kupaka rangi bila kumwaga maji ya nyumba nzima (Uingereza)

Mkazi_Leicester
Wakuu, nyumba ina boila ya kombi (inapasha maji ya rejeta na ya bomba, bila tangi). Nataka kupaka rangi nyuma ya rejeta ya paneli mbili, sm 60 kwa 100. Upande mmoja ina vali ya namba (kichwa chake hujifungua na kujifunga kwa kufuata joto la chumba), upande wa pili vali yenye kifuniko cha plastiki tu. Nikiweka namba kwenye 0 na kufunga ile nyingine, inatosha?

Fundi_Bomba
Haitoshi, mkuu. Vali ya namba hufungwa na kipini kinachokandamizwa na kichwa chake. Chumba kikipoa sana, au kichwa kikigongwa na ngazi, springi inasukuma kipini juu na maji yanamwagika sakafuni. Vua kichwa, na mahali pake funga kifuniko cha kukaza kwa mkono kinachouzwa pamoja na vali, kibane kipini chini. Rejeta ikishatoka, ziba na mdomo wa vali kwa kofia ya shaba yenye nyuzi zinazolingana.

Zima boila, acha maji yapoe kabisa. Vali ya pili ifunge kwa spana ndogo, ukihesabu mizunguko, na idadi uiandike kwenye tepu uibandike hapo hapo. Mizunguko hiyo ndiyo inayogawa maji kati ya rejeta zote; ukiipoteza, vyumba vingine vitakosa joto.

Kabla hujagusa nati inayounga vali na rejeta, fungua kidogo skrubu ya hewa (ile ndogo juu ya rejeta, ya kutolea hewa). Maji yakichuruzika kisha yakakoma, vali zimefunga vizuri. Yakiendelea kwa presha, kaza skrubu na usiende mbele.

Kama yamekoma, weka beseni na mataulo. Shika mwili wa vali kwa spana moja, legeza nati kwa nyingine. Bila spana ya kushikilia, bomba linapinda na kiungo kilicho chini ya sakafu kinaanza kuvuja. Nati ikilegea, fungua skrubu ya hewa taratibu. Beseni likijaa, kaza nati ukamwage.

Spana_Mbili
Nyongeza: maji hayo ni meusi kwa kutu, na doa lake kwenye zulia halitoki. Rejeta hiyo hubeba lita 5 hadi 6 na uzito wake unapita kilo 25, kwa hiyo inyanyueni wawili, matundu yakiwa yamezibwa kwa matambara.

Wakati wa kurudisha, usizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi za nati. Kinachozuia maji hapo ni chuma kukaa juu ya chuma, si nyuzi. Safisha nyuso hizo, paka dawa kidogo ya viungo vya mabomba. Fungua vali kwa mizunguko ile ile, toa hewa, rudisha presha ya boila kati ya bar 1 na 1.5 (bar ni kipimo cha presha).

Mkazi_Leicester
Na maji yasipokoma kwenye skrubu?

Fundi_Bomba
Fungua na ufunge vali mara kadhaa, mara nyingi ni uchafu umekaa ndani. Ikigoma, vali imekufa. Rejeta ikiwa ghorofani, utamwaga maji ya juu tu, na hapo hapo ubadilishe vali.