Viraka vya karatasi: pembe zangu hazikutani

MshoniWete
Assalamu alaikum. Ninajifunza kushona viraka kwa mtindo wa Kiingereza, ule ambao kitambaa hukunjwa juu ya karatasi ya pembe sita, kikapigwa bandi, yaani mshono wa muda wa kukishikilia, kisha vipande vikaunganishwa kwa mkono. Nimekata kanga zangu kuukuu, na nia yangu ni kumshonea mwanangu mfarishi wa kitanda. Ua la kwanza, la vipande saba, lilikaa vizuri, lakini nilipoongeza mzunguko wa pili pembe zilikataa kukutana, tena nyuzi zinaonekana upande wa mbele. Ninakosea wapi?

FundiMkunazini
Waalaikumu salamu, dada. Kabla ya kuulaumu mkono wako, zitazame karatasi. Je, ulikata ya kwanza, ukaichorea ya pili, na ya pili ukaichorea ya tatu? Mimi nilifanya hivyo, na kwa kuwa kila nakala iliongezeka unene wa mstari wa kalamu, karatasi ya thelathini ilikuwa kubwa waziwazi kuliko ya kwanza. Zichore zote kwa kiolezo kimoja kigumu. Kitambaa chenyewe hakidai usahihi huo, alimradi kizidi karatasi kwa robo inchi kila upande, kwani umbo hushikwa na karatasi. Mimi hutumia kadi za mialiko ya harusi. Ugumu wake unatosha, na sindano huteleza juu yake badala ya kuitoboa.

BibiChake
Mwanangu, kuhusu nyuzi: viweke vipande viwili uso kwa uso, kisha sindano ichote nyuzi mbili tatu tu za ukingo wa kila kitambaa, bila kuishika karatasi. Sisi tuliozoea kushona kofia za viua, vile vitundu vidogo vya kudariziwa, tuna mkono wa kukaza, kwa sababu kiua bila kukazwa hakisimami. Kwenye viraka, uzi ukikazwa hivyo, ukingo hujikunja na mshono hujitokeza mbele. Chukua uzi mwembamba wa pamba, wa rangi inayokaribiana na kanga. Karatasi usiitoe mpaka pande zake zote sita zimeshonwa. Ikitoka nzima, itumie tena.

MshoniWete
Ahsanteni sana. Nimezirundika karatasi zilizobaki na kuzigongagonga mezani, na kweli, za mwisho zimechomoza pande zote. Leo usiku ninaufumua mzunguko wa pili.