Tehamana wa Gauguin: abaki ukutani au ashushwe?

Bi Mkasi: Mwaka 2019 National Gallery ya London ilionyesha picha za watu alizochora Gauguin, mchoraji Mfaransa, ikawauliza wageni kama wakati umefika wa kuacha kabisa kumtazama. Nauliza nasi. Ile ya 1893, Merahi metua no Tehamana: msichana wa Tahiti, kisiwa cha Pasifiki, gauni la mistari hadi shingoni, pepeo mkononi, ua kichwani. Alipochukuliwa na Gauguin alikuwa na miaka 13 hivi. Mwanamume kashapita 40. Nasema ashushwe.

Mzee Dau: Waliozana kwa mila za kwao, tusihukumu tusiyoyajua. Hata picha yenyewe, nini? Binti kavaa deraa, basi. Nendeni London mkajionee.

Fundi Cherehani: Deraa?! Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umeniumiza. Deraa lamwagika, mwanamke anapumua. Lile ni gauni la kimisionari, kola imempanda kooni. Walivalishwa wafunike miili.

Mzee Dau: Marahaba. Deraa nimelirudisha. Lakini wakivaa pareo, kitambaa chao cha kujifunga, mnasema uchi, nayo ni kanga tu.

Mwana wa Lamu: Pareo si kanga! Kanga ina pindo, mji na jina. Kitambaa cha maua bila jina hakiwi kanga hata ukijifunga nacho mara saba. Na picha iko Chicago, si London.

Kijana wa Ngamiani: Jina lipo. Tazama chini ya picha, ameandika: Tehamana ana wazazi wengi.

Mwana wa Lamu: Nani kaandika? Leso mama huichagua mwenyewe, na jina lake analijua anamtupia nani. Hili kaandikiwa na mume. Hata maandishi ya ukutani nyuma yake ni mfano wa yale ya Rapa Nui, Kisiwa cha Pasaka, ambayo mpaka leo hayajasomeka. Binti kazungukwa na maneno, lake hata moja hamna.

Bi Mkasi: Jamani, swali langu! Ashushwe?

Mzee Dau: Kwanza huyu wa Lamu aniambie, kitenge nacho si nguo?

Fundi Cherehani: Mzee, acha kitenge. Mimi gauni la binti wa miaka 13 nalikunjia upindo mpana ndani, vidole vinne, mama yake aje aufumue mwakani. Kwa sababu bado anarefuka.