Mama anasafishwa damu, mdomo unanuka kama mkojo na mate yamekauka. Naombeni ushauri

BintiWaTatu:
Wakuu salaam.

Mama yangu ana miaka 61. Sukari na presha za miaka mingi, na mwaka jana figo zote mbili zikafeli. Anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila mara masaa manne kwenye mashine.

Kilichonileta ni mdomo wake. Harufu si ile ya mtu aliyetoka kuamka, ni kama choo cha stendi, mnisamehe. Anapiga mswaki mpaka fizi zinatoka damu. Chakula chote anasema kina ladha ya msumari. Mate hana, ulimi unanata, usiku anaamka kutafuta maji na maji yenyewe kapimiwa. Jumatatu iliyopita alifika kazidi kilo nne, akagombezwa mbele za watu.

Ameacha kumbeba mjukuu, na kanisani haendi tena. Juzi wifi yangu kamletea dawa ya meno na kumwambia, "Mama, usafi tu." Mama alipokea, akashukuru, akaingia chumbani.

Harufu inatoka wapi? Kiu tuitulize vipi? Na kuna jino la nyuma linamsumbua, anaweza kung'oa? Nawasilisha.

Mzee_wa_Kibarazani:
Pole sana binti. Mpe madafu asubuhi na jioni, yanasafisha figo. Limau na magadi asukutulie.

NesiWaZamu:
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo kwenye madafu naomba nikupinge. Glasi moja inaweza kuwa na potasiamu zaidi ya miligramu 500, na figo za kuitoa hana. Potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama bila hodi. Dada, madafu HAPANA. Magadi nayo ni sodiamu, mdomoni hata kwa kusukutua sioni faida.

Sasa harufu. Mate yanatengenezwa kutokana na damu, kwa hiyo kilichojaa kwenye damu kinavuja kwenye mate: yurea, kreatinini, fosfeti, yaani taka ambazo figo zingezitoa. Yurea ikishafika mdomoni, bakteria wa kawaida ambao hata mimi na wewe tunao wanaivunja na kutoa amonia. Choo cha stendi kinanuka kwa amonia hiyo hiyo, pua yako haikukudanganya. Wifi aambiwe kwamba mama angeweza kupiga mswaki mara kumi na harufu ikabaki, kwa sababu chanzo kiko kwenye damu.

Je, Jumapili jioni ndiyo inazidi?

BintiWaTatu:
Nesi umejuaje? Jumapili na Jumatatu asubuhi hapakaliki. Jumatatu jioni anaongea na watu vizuri.

NesiWaZamu:
Ijumaa hadi Jumatatu ndilo pengo refu. Yurea inajikusanya siku zote hizo. Akishatoka kwenye mashine imeshuka kwenye damu, na kwenye mate pia. Ndiyo maana asikatize masaa. Wapo wanaoomba kutolewa lisaa kabla, eti wawahi daladala.

Mswaki uwe laini. Fizi zinavuja kirahisi kwa sababu ya ugonjwa wenyewe na heparini, dawa wanayowekewa damu isigande kwenye mashine.

KitiNamba7:
Mimi ni wa mashine, mwaka wa nne. Mwambie mama hayuko peke yake, chumba chetu kizima tunaongea tumefunika midomo kama wambea.

Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Sisi tezi zimechoka, maji tumebaniwa, na baadhi ya vidonge vya presha navyo vinakausha. Ila kilichokuwa kinaniua ni chumvi. Nilikuwa nalaumu jua la Dar kumbe ni dagaa wa chumvi na vile viungo vya mchuzi vya kwenye pakiti. Nilipoviacha, kiu ilipungua ndani ya wiki moja.

Mengine: vipande vidogo vya barafu, anyonye polepole (lakini avihesabu, barafu ni maji!). Bigijii isiyo na sukari, inaamsha mate. Kusukutua maji baridi na kutema. Kikombe kidogo cha kahawa badala ya bilauri. Usiku weka kitambaa chenye maji karibu na kitanda, apake midomo.

DaktariWaMeno_TZ:
Kuhusu jino: ang'oe siku inayofuata baada ya kusafishwa, heparini ikiwa imeshatoka mwilini. Kwa ratiba yake ni Jumanne, Alhamisi au Jumamosi. Daktari wake wa figo ajue kwanza. Mkono wenye fistula (mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine) usipimwe presha wala kuchomwa sindano. Akiandikiwa dawa za maumivu za diklofenaki au ibuprofeni mkatae, hasa kama bado anapata mkojo kidogo.

Na kitu kimoja wagonjwa hawa hunishangaza. Amonia inapunguza asidi mdomoni, hivyo wengi meno hayatoboki sana. Lakini mate hayo hayo yanajenga ukoga mgumu kama saruji, na ukoga ndio unaokula fizi. Mswaki hautoi huo, aje ukwanguliwe. Pia mwangalie ulimi: akiwa na utando mweupe unaowaka, hao ni fangasi, na mwenye sukari huwapata kirahisi.

Mzee_wa_Kibarazani:
Marahaba nesi. Madafu nimeyafuta. Nina shemeji yangu anasafishwa, ngoja nimpigie sasa hivi.

BintiWaTatu:
Asanteni sana. Utando mweupe upo, nimemulika kwa tochi ya simu. Alhamisi tunaenda kwa daktari wa meno. Nimemsomea mama ile ya KitiNamba7 ya kufunika midomo kama wambea, amecheka, kisha akauliza kama huyo baba naye yuko zamu ya Jumatatu. Wifi nimemtumia uzi mzima. Tiki za bluu zipo, jibu bado.