Naomba ushauri: injini ya boti inapanda joto ikifika RPM (mizunguko kwa dakika) 2,800

Wakuu, habari za kazi. Injini ni ya ndani, dizeli, silinda 4, HP 75. Kulanti (maji ya kupozea injini) inazunguka ndani na maji chumvi yanaipoza kwenye kipoza chenye vijibomba. Kuanzia sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) hadi RPM 2,000 geji inatulia 80°C. Kwenye 2,800, dakika kumi tu inagusa 97, na ekzosi inatema mvuke mwingi, maji kidogo.

Kulanti haipungui wala haina mafuta, kwa hiyo gasketi ya hedi siishuku sana. Themostati nimeichemsha kwenye sufuria, inafunguka 77. Impela ya zamani ya pampu ya maji chumvi ilitoka na mapanga manne kati ya sita. Mawili hayajaonekana mpaka leo. Zinki ya kukinga kutu nayo imeliwa, kimebaki kizibo kitupu. Impela mpya haijabadilisha kitu.

Nianze kufungua kipoza upande yanapoingia maji, huenda mapanga yamekwama hapo, au elbo ya ekzosi (kona ambapo maji chumvi huchanganyika na moshi), maana nayo huziba kwa chumvi na masizi? Vijibomba nizibue kwa ufito wa mbao, au asidi? Asidi kali naiogopa, isije ikala shaba na lehemu. Na nikichomoa hosi pale kwenye elbo nikapima kwa ndoo, RPM 2,000 itoe lita ngapi kwa dakika?