Vibarua wa magunia wanakomea idadi ileile kila siku: tumfuate Taylor?

Ghala_Pasua:
Habari za jioni wakuu. Ghala la kahawa hapa Moshi, vibarua 8, magunia ya kilo 60 kutoka stoo hadi kwenye lori. Wanalipwa kwa kutwa. Kila siku ni magunia kama 640, lori liwahi au lichelewe. Kijana akiongeza kasi, wenzake wanamnunia. Bosi anataka kila mtu alipwe kwa magunia yake, eti ndivyo alivyosema Taylor, yule mhandisi Mmarekani aliyepima kazi za viwandani kwa saa. Nianzie wapi?

Kijenge_Juu:
Bosi amsome Taylor hadi mwisho. Kule Bethlehem Steel, Marekani, 1899, kazi ilikuwa kubeba mikuo ya chuma, kilo 42 hivi kila mmoja. Kwa maelezo yake, mtu alipanda kutoka tani 12.5 hadi 47.5 kwa siku, na ujira kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Watu wanazikariri tani na kuiacha asilimia 43: kwa uzito ule, alisema, mbebaji awe na mzigo asilimia 43 tu ya siku, iliyobaki ni kurudi mikono mitupu na kupumzika. Gunia lako ni zito zaidi, kwa hiyo mapumziko yaongezeke. Tani zenyewe usizifanye kipimo. Mwaka 1974 watafiti waliorudi kwenye kumbukumbu za kiwanda walikuta simulizi ile imepambwa sana.

Pima hapohapo ghalani. Igawe safari: kubebeshwa, kutembea, kutua, kurudi. Chukua safari 30 za mbebaji wa kawaida, siyo yule mwenye misuli, nusu asubuhi na nusu alasiri jua likiwa kali. Tuseme wastani ni dakika 3. Ongeza 1 ya kupumzika, zinakuwa 4. Saa 8 ni dakika 480, kwa hiyo magunia 120 kwa mtu. Wengi hukosea hapa. Toa kwanza muda wa kusubiri lori, mizani na kufunga turubai. Ukifika dakika 120, zinabaki 360, yaani magunia 90. Watu wako wanatoa 80 kila mmoja. Pengo ni 10, siyo 40, na sehemu kubwa ya tatizo iko kwenye foleni ya malori.

Uru_Mashariki:
Hesabu nzuri, ila bado haijaeleza kununa. Hawthorne, kiwanda cha Western Electric jirani na Chicago, wengi wanakumbuka majaribio ya kuongeza na kupunguza mwanga wa taa tu. Chumba kinachomhusu muuliza swali ni cha 1931 hadi 1932: wanaume 14 wakiunganisha, kulehemu na kukagua nyaya za swichi za simu. Malipo yalikuwa ya kundi, wakizalisha zaidi wanapata zaidi, na bado walijiwekea swichi 2 kwa siku kwa kila muunganishaji. Aliyezidisha alipigwa ngumi kwenye mkono, aliyezembea naye alisemwa. Waliogopa kwamba wakionyesha uwezo wote, bei itashushwa au wenzao watapunguzwa kazi.

Hofu hiyo ina msingi. Weka shilingi 150 kwa gunia, mwezi ujao bosi aone wanapata nyingi ashushe hadi 100: hapo umewafundisha kujizuia kwa miaka. Taylor mwenyewe aliandika mwaka 1895 kwamba kushusha bei ndiko kunakozaa utegaji. Kwa hiyo bei iandikwe, ibandikwe ukutani, isiguswe msimu mzima labda njia ya kazi ibadilike, mfano mkileta mkanda wa kupakia.

Kijenge_Juu:
Naongezea: msilipe mmoja mmoja. Gunia la kilo 60 hubebeshwa na watu wawili, je, wao mtawahesabia nini? Kila mtu akihesabiwa lake, hakuna atakayetaka kubebesha. Lipeni kundi, wagawane. Watafiti Trist na Bamforth, 1951, walionyesha kwenye migodi ya makaa Uingereza kwamba vikundi vidogo vilipovunjwa na kila zamu kupewa kipande chake, utoro na lawama viliongezeka. Na amri itoke kwa mmoja. Fayol, meneja wa migodi wa Ufaransa, alilisisitiza hilo mwaka 1916; mtunza stoo akisema hivi na dereva vile, gunia linabebwa mara mbili.

Ghala_Pasua:
Dereva na mtunza stoo ndiyo hali yetu kabisa. Bei ya kundi nitaipeleka kwa bosi. Siku lori lisipokuja?

Uru_Mashariki:
Wabaki na kima cha chini cha kutwa, kiandikwe kwenye karatasi ileile ya bei. Na kabla ya kugusa malipo, nunueni troli mbili na ubao wa kupandia lori. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la 1967 linataka mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima ushushwe hadi kilo 55, na ninyi mko 60. Mkishanunua troli, pimeni upya safari 30, ndipo mpange bei.